Walirekodi kwa Dola 50 kwa Wimbo, Leo Santuri Zao Zinasakwa Kama Dhahabu

Februari 2024 Beyoncé alipoachia "Texas Hold 'Em", mitandao ilichafuka. Kuna waliocheza, na kuna waliouliza: mtu mweusi na muziki wa kantri, wapi na wapi? Vituo vya redio za kantri navyo vikajishauri kwanza kabla ya kuupiga. Mwaka mmoja baadaye albamu ya Cowboy Carter ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka, kelele zikapungua kidogo.

Lakini kuna kitu wengi walikipita. Sauti ya kwanza kabisa kwenye ule wimbo ni banjo, na anayeipiga ni dada mmoja anaitwa Rhiannon Giddens. Huyu hakujifunzia YouTube. Yeye na wenzake wa bendi ya Carolina Chocolate Drops walikuwa wakienda nyumbani kwa mzee mmoja mweusi wa North Carolina, Joe Thompson, mpiga fidla aliyezaliwa 1918, wanakaa chini wanamsikiliza. Mzee Thompson alikuwa kati ya watu wa mwisho kabisa walioupokea muziki ule kutoka kwa wazazi wao, mkono kwa mkono. Alifariki 2012.

Sasa swali linageuka. Ukiacha kuuliza mtu mweusi kaingiaje kwenye kantri, unabaki na hili: nani alimtoa? Jibu liko kwenye santuri zilizorekodiwa karibu miaka mia moja iliyopita, na kwa watu ambao majina yao hayajulikani hadi leo.

FIDLA ILIKUWA YA NANI?

Kwanza tuwekane sawa. Fidla na violini ni chombo kimoja, hakuna tofauti ya mbao wala nyuzi. Ikipigwa kwenye ukumbi wa watu waliovaa tai wanaiita violini, ikipigwa shambani watu wakacheza mpaka alfajiri inaitwa fidla.

Wazungu kutoka Scotland, Ireland na Uingereza ndio walioibeba kuvuka bahari. Banjo ilikuja kwa upande mwingine. Mababu zake ni vyombo vya Afrika Magharibi vya kibuyu na ngozi, na waliovuka nayo walikuwa watumwa, ikiwa vichwani mwao, kwa sababu mikononi walikuwa na minyororo. Na tusisahau kwamba huko walikotoka tayari kulikuwa na fidla za uzi mmoja. Walipopewa ya kizungu, haikuwa ngeni kwao.

Kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani, mwenye shamba akitaka sherehe alimwita mtumwa apige fidla. Magazeti ya karne ya 18 yana matangazo ya kutafuta watumwa waliotoroka, na baadhi yanamtambulisha mtu kwa jina moja tu halafu yanaongeza kwamba anajua kupiga fidla. Huyo ndiye msanii wetu wa kwanza kwenye kumbukumbu: hana jina la ukoo, hana picha, na anatajwa kwa sababu tu mtu anataka mali yake irudi.

Kama umeangalia filamu ya 12 Years a Slave, ile si hadithi ya kutunga. Solomon Northup alikuwa mtu huru wa New York, mpiga fidla. Mwaka 1841 walimrubuni kwa kazi ya kupiga muziki kwenye sarakasi, wakamteka na kumuuza utumwani. Kipaji chake ndicho kilichotumika kama chambo.

WANAUME WAWILI WAINGIA STUDIO BILA MWALIKO

Tuje kwenye kurekodi. Mwishoni mwa Juni 1922, wanaume wawili walitokea kwenye ofisi za kampuni ya Victor jijini New York wakitaka kurekodiwa. Mmoja alikuwa Eck Robertson kutoka Texas, na inasimuliwa alikuwa amevaa kikauboi kuanzia kofia mpaka viatu. Mwenzake, Henry Gilliland, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mkongwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa kusini, naye kavaa magwanda yake ya vita. Walikuwa wanatokea kwenye mkusanyiko wa wanajeshi wastaafu huko Virginia.

Siku ya kwanza walipiga pamoja. Kesho yake, Julai 1, Robertson akapiga mwenyewe "Sallie Gooden". Ni fidla tupu, mtu mmoja, dakika kama tatu, lakini ukisikiliza unaweza kuapa wako wawili. Anaurudia wimbo uleule mara nyingi na kila duru ina vionjo vyake. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza kuorodhesha rekodi za sauti za kutunzwa kama urithi wa taifa, hii ilikuwa kwenye kundi la kwanza.

Robertson huyu, alipokuwa mtoto, fidla yake ya kwanza ilikuwa kibuyu kilichowambwa ngozi ya paka. Ukiwaza zeze ya Wagogo hujapotea sana.

Mazingira ya kurekodi nayo yalikuwa mtihani. Hakukuwa na maikrofoni. Msanii alisimama mbele ya koni kubwa la bati, sauti yake ikisukuma sindano iliyochora mistari kwenye sahani ya nta. Chombo chenye sauti nyembamba kama fidla kilipata tabu, ndiyo maana kuna fundi aliyeitwa Stroh aliyetengeneza fidla yenye tarumbeta badala ya tumbo la mbao ili isikike. Maikrofoni za umeme zilianza kutumika 1925 tu. Ukikosea, nta inatupwa, mnaanza upya. Na wimbo ulikuwa mwisho dakika tatu na kidogo, kwa sababu upande wa santuri haukubeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo ile dansi ya kijijini iliyokuwa inakwenda nusu saa ilikatwa ikabaki kipande.

DUKA LA SAMANI LILILOBADILISHA MUZIKI

Victor hawakujua wamepata nini. Aliyeliona soko ni muuza duka wa Atlanta, Polk Brockman. Duka lenyewe lilikuwa la samani. Zamani gramafoni ilikuwa kabati la sebuleni, hivyo aliyeuza makochi aliuza na gramafoni, na aliyeuza gramafoni aliuza na santuri.

Brockman alijua wateja wake wanataka nini. Akamshawishi Ralph Peer, prodyuza wa kampuni ya OKeh, abebe mitambo kutoka New York hadi Atlanta. Juni 1923 wakamrekodi Fiddlin' John Carson, mpiga fidla maarufu wa mashindano ya Georgia ambaye alishasikika hata redioni. Peer aliposikia uimbaji wake alikaribia kuziba masikio, akasema ni mbaya kupindukia. Hakutaka hata kuiweka kwenye orodha ya kampuni. Brockman akasema sawa, nitengenezee nakala 500 za kwangu, bila namba.

Zikaisha fasta. Akaagiza nyingine. Kabla mwaka haujaisha Carson alikuwa kaitwa New York kurekodi tena, na kampuni zote zikaanza kutuma watu vijijini kuwasaka wapiga fidla kama wanavyosakwa wachezaji wa mpira leo.

Kilele kilikuwa kiangazi cha 1927 kwenye mji wa Bristol, uliokaa mpakani mwa Tennessee na Virginia. Peer, safari hii akiwa na Victor, alifunga mitambo kwenye ghala la zamani la kofia. Mwanzoni watu walisuasua. Gazeti la pale likaandika kwamba msanii mmoja wa milimani, Ernest Stoneman, alikuwa ameingiza dola 3,600 mwaka uliopita kwa kurekodi tu. Wee! Watu wakashuka milimani kwa treni, kwa magari mabovu, kwa farasi. Ndani ya takriban wiki mbili zilirekodiwa nyimbo 76 za makundi 19. Humo ndimo walimopatikana Carter Family na Jimmie Rodgers, mastaa wa kwanza wa kantri.

MKWANJA ULIENDA WAPI?

Hapa ndipo wasanii wa leo wanapaswa kusogeza kiti karibu. Pale Bristol malipo yalikuwa dola 50 kwa kila wimbo, na mrabaha wa senti kidogo juu yake. Kwa mkulima wa wakati ule dola 50 ilikuwa pesa ndefu, hakuna aliyeona kama anaibiwa. Kampuni nyingine zililipa mara moja na mchezo ukaishia hapo, hakuna mrabaha.

Peer alikuwa mjanja kuliko wote. Hakung'ang'ania mshahara mnono Victor. Alichotaka ni hakimiliki ya nyimbo. Santuri ikiuzwa, senti inamwingia. Mwingine akiurudia wimbo, senti inamwingia. Kampuni aliyoianzisha 1928 ipo hadi leo, inaitwa peermusic, na ni kati ya kampuni kubwa za hakimiliki za muziki duniani. Wale waliopiga fidla wengi wao walirudi kwenye pamba na machimbo ya makaa ya mawe. Carson mwenyewe, aliyefungua soko zima, alimalizia maisha yake akiendesha lifti kwenye jengo la serikali ya jimbo la Georgia.

Halafu ukaja mdororo wa uchumi. Mwaka 1927 Wamarekani walinunua santuri zaidi ya milioni 100, mwaka 1932 ni milioni 6 tu. Kampuni zikafa au zikamezana, na misafara ya kurekodi vijijini ikakoma. Dirisha lote lilikuwa wazi kwa kama miaka kumi. Uliyepitwa, umepitwa.

WALIVYOGAWA SANTURI KWA RANGI

Turudi kwenye swali la Beyoncé. Mwaka 1920 Mamie Smith, mwanamke mweusi, alirekodi "Crazy Blues" na ikauza ajabu. Kampuni zikagundua kwamba watu weusi nao wananunua, zikaanzisha orodha maalumu zilizoitwa santuri za "race". Muziki wa vijijini wa wazungu ulipofumuka, nao ukapewa orodha yake, baadaye ukabandikwa jina la "hillbilly", yaani watu wa milimani, washamba fulani hivi. Columbia walikuwa na namba za 14000 kwa weusi na za 15000 kwa wazungu. Orodha mbili, matangazo mawili.

Shida ni kwamba muziki wenyewe haukuwa umegawanyika hivyo. Weusi na wazungu vijijini walipiga nyimbo zilezile na kuibiana mbinu. Lakini prodyuza alikuja na fomu yenye vyumba viwili. Mzungu akija na fidla, karibu. Mweusi akija na fidla, aliulizwa kama ana blues, kwa sababu hicho ndicho chumba chake. Matokeo yake wapiga fidla weusi waliorekodiwa ni wachache mno, na vizazi vilivyofuata, vikisikiliza santuri kama ushahidi, vikaamini hawakuwepo.

Wachache waliopenya wanatosha kuonyesha kilichopotea. Agosti 1927 huko Charlotte, mpiga fidla mweusi Andrew Baxter wa Georgia alirekodi wimbo mmoja na Georgia Yellow Hammers, bendi ya wazungu. Kolabo ya aina hiyo, kwenye jimbo ambalo sheria za Jim Crow ziliwatenganisha hata kwenye mabehewa ya treni, ilikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1930 kundi la Mississippi Sheiks, fidla akiwa Lonnie Chatmon, likatoa "Sitting on Top of the World", wimbo ambao umerudiwa na wasanii wa kila rangi tangu hapo. Upande wa pili, Carson aliyependwa na wengi alikuwa akipiga hata kwenye shughuli za Ku Klux Klan. Fidla ilikuwa ileile.

Na kuna Arnold Shultz wa Kentucky. Mweusi, mchimba makaa ya mawe, fundi wa gitaa na fidla. Kijana mmoja wa kizungu alikuwa akipiga naye kwenye dansi za usiku na kumkodolea macho vidole. Kijana huyo ni Bill Monroe, ambaye baadaye aliitwa baba wa muziki wa bluegrass na mara nyingi alimtaja Shultz kama mwalimu wake. Shultz alifariki 1931. Hakuna santuri yake hata moja. Sauti yake hakuna mtu hai anayeijua.

WASAKA SANTURI

Zile sahani zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu kutoka India. Ni nzito na inavunjika kama kikombe. Vita Kuu ya Pili ilipokuja shelaki ikawa adimu, wananchi wakahimizwa kurudisha santuri zao kuukuu ziyeyushwe. Wakarudisha kwa mafungu, na hakuna aliyekagua zilikuwa za nani.

Zilizobaki ziliokolewa na watu ambao majirani waliwaona kama wamechanganyikiwa. Mwaka 1952 jamaa anayeitwa Harry Smith alichukua santuri kutoka kwenye mkusanyiko wake, akatoa albamu ya nyimbo 84 kupitia Folkways. Kusudi kabisa hakuandika nani mweusi na nani mzungu, na wasikilizaji wengi walikosea kukisia. Vijana wa kina Bob Dylan walilelewa na albamu hiyo. Ni kwa njia hiyo hiyo vijana wa kina Mike Seeger na John Cohen walimfuata Eck Robertson mwaka 1963 huko Amarillo, Texas. Mzee alikuwa hai, na fidla yake ilikuwa mkononi.

Joe Bussard wa Maryland, aliyefariki 2022, yeye alikuwa anaendesha gari milimani, anagonga mlango kwa mlango na kuuliza: mna santuri za zamani? Alikusanya zaidi ya 15,000. Safari moja Virginia alinunua boksi kwa dola 10, ndani yake kulikuwa na santuri za Black Patti, lebo iliyoishi miezi michache tu mwaka 1927. Moja wapo ni nakala pekee inayojulikana duniani.

Bei za siku hizi? Mwaka 2013 santuri moja ya blues ya Tommy Johnson, ya zama hizohizo, iliuzwa eBay kwa dola 37,100. Familia za wapigaji hazimo kwenye hiyo hesabu. Na yule aliyepokea dola 10 naye hayumo. Ila kuna upande wa pili wa shilingi: bila hao wagonga milango, boksi lingeishia jalalani na leo kusingekuwa na cha kubishania. Walinunua kwa bei ya kutupa, na wakaokoa. Yote mawili ni kweli.

FIDLA YENYE JINA LA UONGO

Vyombo navyo vina sinema yake. Kila mwaka kuna mtu Marekani anapanda darini kwa babu, anakuta fidla ya zamani, anachungulia tumboni kwa tochi na kusoma: Stradivarius. Presha inapanda, maana mwaka 2011 Stradivarius moja iliyotengenezwa 1721 iliuzwa kwa dola milioni 15.9 kuchangia waathirika wa tsunami Japani.

Pole sana. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, karakana za Ujerumani, hasa Markneukirchen na vijiji vya jirani, zilitengeneza fidla kwa maelfu na kubandika karatasi ya Stradivarius ndani kuonyesha mtindo ulioigwa. Ziliuzwa kwa dola chache kwenye katalogi za Sears na kutumwa kwa posta hadi vijijini. Kuna ujanja wa kuzitambua: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Ukikuta neno la Kiingereza la Ujerumani chini ya jina la fundi wa Italia wa karne ya 18, basi hiyo fidla haijaanza hata 1890.

Lakini hizo za katalogi ndizo nyingi ya zile zilizotengeneza muziki tunaouzungumzia. Mara nyingi ndani unakuta njuga za mkia wa nyoka. Wapigaji walizitumbukiza makusudi, wengine wakisema zinakausha unyevu, wengine zinafukuza panya, wengine zinanogesha sauti. Mkusanyaji anayejua kazi yake hazitoi. Ile njuga ndiyo saini pekee aliyoacha mwenye fidla.

Linganisha na mandolini ya Bill Monroe. Ni Gibson F-5 ya 1923, ina saini ya fundi Lloyd Loar. Aina hiyo ilipotoka soko liliipuuza. Monroe aliikuta ya mtumba kwenye kinyozi huko Florida katikati ya miaka ya 1940, akailipa kama dola 150. Mwaka 1985 mtu asiyejulikana aliingia nyumbani kwake akaipondaponda, mafundi wa Gibson wakaunganisha vibanzi kimoja kimoja mpaka ikalia tena. Leo mandolini za Loar zinavuka dola 100,000. Historia inajua siku fundi alipoweka saini. Kwa maelfu ya fidla za katalogi, haijui hata nani alizipiga.

ZILIFIKA MPAKA KERICHO

Usidhani haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1928, miezi michache tu baada ya Bristol, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa HMV, ndugu wa damu wa Victor, mbwa yuleyule kwenye lebo. Biashara ilikuwa moja: tafuta sauti ambayo watu wake wataililia, wauzie gramafoni.

Na santuri za Jimmie Rodgers, yule wa Bristol, zilipenya hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana huko Kapkatet wakimwimba kiumbe wanayemwita Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Ukilitamka taratibu utamsikia Jimmie Rodgers humo ndani. Wakenya na kantri wametoka mbali, jamani.

Kwa hiyo mtu akiuliza tena watu weusi na kantri wapi na wapi, jibu fupi lipo: walikuwepo tangu mwanzo, fomu ndiyo haikuwa na chumba chao. Na kama kuna mzee kwenu anayepiga zeze, marimba au gitaa la zamani, simu uliyoshika sasa hivi inarekodi vizuri kuliko mtambo wote uliobebwa kwenda Atlanta mwaka 1923. Arnold Shultz hakupata hata dakika tatu.

Kwenu kuna santuri au chombo cha babu kimekaa juu ya kabati? Ni cha nani, na kilipigwa wapi? Dondosha komenti hapo chini, na jina lake uliandike.